DAWA YA KIFAFA HAIKATIZWI

Na Bwana Shamba, Mkula

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni kupita mashambani na kuzungumza na wakulima juu ya pamba, mahindi, mpunga na viazi. Leo sitaandika habari za pamba. Nitaandika habari za kifafa, na za vidonge vya kifafa.

Utaniuliza: "Bwana shamba, mambo ya vidonge yanakuhusu nini?" Yananihusu, kwa sababu nilimpa mtu shauri baya. Shauri hilo lilimletea hasara kubwa. Soma habari hii mpaka mwisho, ili wewe usimpe mtu shauri kama langu.

KIJANA NA PAMBA YAKE

Katika kijiji kimoja karibu na Mkula, Mkoa wa Simiyu, yuko kijana mkulima. Jina lake sitalitaja. Analima ekari mbili za pamba na ekari moja ya mahindi. Anaishi na mama yake.

Kijana huyu alianza kuanguka kifafa akiwa mtoto, baada ya kuugua malaria kali iliyopanda kichwani. Kwa miaka mingi alianguka mara mbili au tatu kila mwezi. Shule aliiacha. Watoto wenzake walimkimbia. Watu walisema, "Huyo hawezi kushika jembe."

Mwishowe mama yake alimpeleka hospitali. Daktari aliwauliza maswali mengi, akampima, akampa vidonge. Alisema, "Umeze kila siku. Usiache. Urudi kila mwezi."

Kijana alifuata maagizo. Mwezi wa kwanza alianguka mara moja tu. Mwezi wa pili hakuanguka. Ikapita miezi kumi bila kuanguka hata mara moja. Alilima mwenyewe. Aliingia darasa la kisomo, akajifunza kusoma na kuandika. Wale waliomkimbia wakaanza kumsalimu.

Siku moja ya mwezi wa Januari nilipita shambani kwake. Alikuwa akipalilia. Pamba yake ilikuwa nzuri na mistari imenyooka. Tulisalimiana, kisha akaniuliza:

"Bwana shamba, sijaanguka tangu mwezi wa tatu wa mwaka jana. Vidonge vimekwisha, na kwenda hospitali ni safari ya siku nzima. Palizi hainingoji. Je, nikiviacha?"

Ilinipasa kumjibu, "Mwulize daktari." Sikusema hivyo. Nilitazama pamba, nikamjibu kwa mambo ya pamba. Nilisema:

"Sisi tunawafundisha mkague pamba kwanza. Ukiona funza wa vitumba wengi, piga dawa. Usipoona funza, usipoteze dawa. Wewe huanguki tena. Basi umepona."

Alifurahi, akanishukuru. Mimi nikapanda baiskeli yangu, nikaenda zangu.

SIKU YA SITA

Siku ya sita baada ya kuacha vidonge, jioni, kijana alikuwa peke yake jikoni. Mama yake alikwenda kisimani. Viazi vilikuwa motoni juu ya mafiga matatu. Kijana aliinama kuchochea kuni. Hapo hapo akaanguka. Mkono wake wa kulia uliingia motoni.

Majirani wawili walisikia kishindo, wakaja mbio. Waliona povu mdomoni mwake, wakaogopa. Walidhani povu lile linaambukiza. Walisimama mlangoni wakipiga kelele. Mama yake alipofika alitupa ndoo, akamvuta kutoka motoni.

Usiku ule kijana alianguka tena na tena. Kabla hajapata fahamu, degedege lilimrudia. Walimfunga kwa kitenge nyuma ya pikipiki, katikati ya watu wawili, wakampeleka hospitali gizani. Nashukuru walimfikisha akiwa hai.

Alilazwa wiki nyingi. Magugu yakaimeza pamba yake. Mwaka ule hakuvuna hata gunia moja.

Hospitali walimwuliza, "Nani alikwambia uache dawa?" Kijana alinyamaza. Hakunitaja. Mimi nilipata habari kwa mama yake nilipokwenda kumwangalia mgonjwa.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, bwana shamba. Karibu." Alinipa kigoda, nikaketi. Kisha akasema polepole, "Wewe unajua pamba. Mambo ya vidonge ungemwachia daktari."

Sikuwa na jibu. Ndiyo maana leo naandika.

KOSA LANGU LILIKUWA WAPI?

Nilikwenda kwa daktari, nikamweleza nilivyosema. Hakunigombeza. Aliniuliza, "Bwana shamba, watu wa huku wanalima mpunga kwenye majaruba, sivyo?"

Nikajibu, "Ndiyo."

"Tuta la jaruba linafanya kazi gani?"

"Linazuia maji yasitoke."

"Ukifika asubuhi ukaona maji yametulia ndani ya jaruba, utabomoa tuta kwa sababu maji hayaendi popote?"

Nilicheka. Nikasema, "Hapana. Maji yametulia kwa sababu tuta lipo."

"Basi," alisema daktari, "kidonge cha kifafa ni tuta. Mgonjwa haanguki kwa sababu kidonge kipo. Ukibomoa tuta, maji yatatoka yote kwa pamoja."

Ndugu msomaji, shika neno hili. Dawa ya pamba tunaipiga tukiona wadudu. Kidonge cha kifafa kinamezwa kila siku, hata kama mgonjwa haanguki. Kutoanguka ni dalili kwamba dawa inafanya kazi. Si ruhusa ya kuiacha.

Tena, mtu akiacha dawa ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Anaweza kuanguka mfululizo bila kupata fahamu. Hali hiyo inaua.

KIFAFA NI NINI?

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Ubongo wetu hufanya kazi kwa umeme mdogo sana. Umeme huo ndio unaopeleka habari mikononi, miguuni, machoni na ulimini. Kwa mtu mwenye kifafa, mara nyingine umeme huo huvurugika ghafla. Ndipo mtu anaanguka, anakakamaa na kutetemeka. Wengine hawaanguki. Wanaduwaa tu kwa muda mfupi, au mkono mmoja unatikisika wenyewe.

Kifafa huletwa na mambo mengi. Mtoto anaweza kuumia kichwa au kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Malaria kali na homa ya uti wa mgongo huweza kuumiza ubongo. Kuumia kichwani kwa ajali ni sababu nyingine. Minyoo ya tegu ya nguruwe pia inaweza kuingia ubongoni. Kwa hiyo tumia choo, nawa mikono, na usile nyama ya nguruwe isiyoiva. Kwa watu wengi sababu haijulikani.

Kifafa hakiambukizi. Povu haliambukizi. Mate na mkojo haviambukizi. Unaweza kula sahani moja na mgonjwa, na kumshika anapoanguka. Majirani wale wangejua jambo hili, mkono wa kijana usingeungua sana.

Wagonjwa wa kifafa si wachache. Shirika la Afya Duniani linasema duniani kote wako watu wapatao milioni 50. Linasema pia kwamba katika kila wagonjwa 10, wapatao 7 wanaweza kuishi bila kuanguka, kama wakipata dawa sawasawa.

MAFUNZO YA MAHENGE

Jambo hili lilionekana katika nchi yetu zamani. Mahenge iko Mkoa wa Morogoro, mbali sana na kwetu. Huko wagonjwa wa kifafa walikuwa wengi. Watu waliwaogopa, na baadhi ya wagonjwa walikaa na kula peke yao. Wengi walikuwa na makovu ya moto.

Mwaka 1960 daktari mmoja mwanamke, Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwe, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge. Aliwapa wagonjwa dawa iitwayo fenobabitoni. Dawa hiyo si ngeni. Mwaka 1912 daktari wa Ujerumani, Alfred Hauptmann, aliandika kwamba inazuia kifafa. Mpaka leo inatumika katika nchi nyingi, na bei yake si kubwa.

Mwaka 1992 ilitolewa taarifa ya wagonjwa 164 wa kliniki ile, waliofuatiliwa kwa miaka 30. Taarifa ilionyesha mambo mawili. La kwanza, walipokuwa wakitibiwa, zaidi ya nusu yao hawakuanguka tena. La pili ni la huzuni. Baada ya miaka 30, zaidi ya nusu walikuwa wamefariki, na vifo vingi vilitokana na kifafa chenyewe. Wako walioanguka mfululizo, wako waliozama majini, na wako walioungua moto.

Mafunzo ya Mahenge ni haya: dawa inaokoa, na kifafa kisichozuiwa kinaua.

JINSI YA KUMEZA DAWA KWA USALAMA

Sasa tuone kanuni. Nimezipata kwa daktari, nami naziandika kwa ufupi. Kama nyumbani kwako yuko mgonjwa, msomeeni pamoja.

1. Soma bahasha ya dawa. Mara nyingi utaona tarakimu kama hizi: 1 x 2. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya vidonge. Ya pili ni mara ngapi kwa siku. Kwa hiyo 1 x 2 maana yake ni kidonge 1, mara 2 kwa siku: asubuhi kimoja, jioni kimoja. Ukiona 2 x 1, maana yake ni vidonge 2 kwa pamoja, mara 1 kwa siku. Usipoelewa, uliza kabla hujaondoka dirishani. Kuuliza si aibu.

2. Meza kila siku, saa ile ile. Chagua jambo unalolifanya kila siku, kisha meza dawa hapo. Kwa mfano, baada ya chakula cha jioni. Chukua karatasi, andika siku za mwezi. Ukimeza, weka alama. Sasa unajua kuandika, tumia elimu yako.

3. Usizidishe, usipunguze. Vidonge viwili badala ya kimoja havileti nguvu. Vinaweza kuleta sumu mwilini.

4. Ukisahau, usimeze mara mbili. Ukikumbuka mapema, meza mara moja. Kama saa ya dozi nyingine imekaribia, iache ile uliyosahau, meza hii iliyofika. Usisahau kumweleza daktari siku ya kliniki.

5. Usingoje dawa iishe. Tufanye hesabu. Umepewa vidonge 60. Unameza 2 kwa siku. 60 gawanya kwa 2 ni 30. Vitatosha siku 30. Vikibaki 14, una siku 7 tu. Hapo anza kupanga safari. Wakati wa masika barabara huharibika, na wakati wa palizi kazi ni nyingi. Kama huwezi kwenda, mtume ndugu mwenye akili, na kadi yako, lakini ulizeni kwanza kama hospitali yenu inakubali hivyo.

6. Usibadili dawa mwenyewe. Usimpe mwingine vidonge vyako, wala usiazime vya jirani. Dawa za kifafa ni nyingi: fenobabitoni, kabamazepini, fenitoini, valproeti na nyinginezo. Kila mgonjwa ana dawa yake na kipimo chake. Ukipewa vidonge vya rangi au umbo tofauti na vya zamani, uliza: "Je, hii ni dawa ile ile?"

7. Usinywe pombe. Pombe huleta kifafa kwa mtu mwenye ugonjwa huo. Pombe pamoja na vidonge huleta usingizi mzito, na usingizi huo ni wa hatari. Kukesha ngomani usiku kucha pia kunaweza kumfanya mgonjwa aanguke. Mgonjwa alale usingizi wa kutosha.

8. Sema unameza dawa ya kifafa. Kila ukitibiwa malaria, kifua kikuu, virusi vya UKIMWI au ugonjwa mwingine wowote, mwambie anayekutibu. Dawa nyingine hugombana na dawa ya kifafa. Aidha, baadhi ya dawa za kifafa hupunguza nguvu za vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango. Mama anaweza kupata mimba bila kutaka. Uliza njia inayokufaa.

9. Ukienda kwa mganga wa kienyeji, usiache vidonge. Wazee wengi huenda huko, najua. Usichanganye mizizi na vidonge bila daktari kujua. Na mtu akikuambia, "Tupa vidonge ndipo dawa yangu ifanye kazi," usimsikilize.

10. Tunza dawa mahali pakavu, palipo juu, watoto wasipofikia. Usiiweke katika chumba cha dawa ya pamba. Usiihamishie katika kopo lisilo na maandishi. Mtoto akimeza vidonge vya kifafa, mkimbize hospitali mara moja, na uchukue bahasha yake.

DAWA INAPOSUMBUA

Siku za mwanzo mgonjwa anaweza kusikia usingizi au kizunguzungu kidogo. Mara nyingi hupungua. Fenobabitoni huleta usingizi kwa watu wazima, na watoto wengine huwafanya watukutu. Fenitoini inaweza kuvimbisha ufizi, kwa hiyo piga mswaki kila siku.

Lakini kuna dalili za hatari. Nenda hospitali upesi ukiona haya:

- Upele mwilini, hasa katika wiki za mwanzo, au vidonda mdomoni.
- Macho kuwa ya manjano.
- Kuyumba kama mlevi, kuona vitu viwili viwili, au kulala bila kuamka vizuri.
- Kutapika sana, hata dawa haikai tumboni.

Usitupe dawa ukakaa kimya nyumbani. Nenda siku ile ile. Daktari anaweza kupunguza kipimo au kubadili dawa kwa njia ya salama.

MAMA MJAMZITO

Mama mwenye kifafa anaweza kuzaa mtoto mzima. Lakini inafaa azungumze na daktari kabla ya kushika mimba. Dawa iitwayo valproeti inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kila mwanamke anayepewa dawa hiyo aulize: "Je, iko nyingine inayonifaa?" Daktari pia atampa vidonge vya foliki asidi.

Kama mimba imekwisha ingia, usiache dawa kwa hofu. Kuanguka mfululizo kunaweza kumwua mama na mtoto. Nenda kliniki mapema, ukaeleze.

JE, DAWA INAMEZWA MAISHA YOTE?

Wengine ndiyo. Wengine hapana. Mtu akikaa miaka 2 au zaidi bila kuanguka, daktari anaweza kufikiri juu ya kuacha. Hata hapo dawa haiachwi kwa siku moja. Inapunguzwa polepole, kidogo kidogo, kwa miezi kadhaa, na mgonjwa anaangaliwa. Mwenye kuamua ni daktari pamoja na mgonjwa. Bwana shamba haamui. Jirani haamui. Uchovu wa safari hauamui.

MTU AKIANGUKA, TUFANYE NINI?

- Mwondoe kwenye moto, maji au barabara. Sogeza mawe na majembe.
- Weka kitu laini chini ya kichwa. Legeza nguo shingoni.
- Mlaze ubavu, ili mate yatoke na apumue.
- Usimtie kijiko, kijiti wala kidole mdomoni. Utamvunja meno au kumziba pumzi.
- Usimkandamize kwa nguvu. Usimpe maji wala kidonge kabla hajapata fahamu.
- Kaa naye mpaka azinduke. Mwambie maneno ya upole.

Tazama saa. Kama kutetemeka kunapita dakika 5, au akianguka tena kabla ya kupata fahamu, mpelekeni hospitali haraka. Fanyeni hivyo pia kama ameumia, ameanguka majini, ni mjamzito, au ni mara yake ya kwanza. Msingoje asubuhi.

KAZI ZA SHAMBA NA NYUMBANI

Mgonjwa wa kifafa anaweza kulima, kupalilia, kuvuna, kufuga na kusoma. Usimfungie ndani. Lakini kama bado anaanguka, asifanye kazi hizi peke yake: kuchota maji kisimani au ziwani, kuvua samaki, kupanda mti, kupiga dawa ya pamba, na kupika kwenye moto wa chini. Jengeni jiko la udongo lililoinuka, lenye ukuta kuzunguka moto. Gharama yake ni udongo na nguvu zenu. Asiendeshe pikipiki. Akioga ziwani, awe na mwenzake.

KIJANA YUKO WAPI LEO?

Yuko shambani. Alirudia vidonge vyake, na daktari anamwangalia kila mwezi. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia havinyooki. Jembe analishika kwa namna yake. Msimu uliofuata alipanda ekari moja tu ya pamba, kwa sababu mkono ulikuwa bado unamsumbua. Majirani walimsaidia palizi, pamoja na wale wawili waliosimama mlangoni.

Kwenye ukuta wa nyumba yake ametundika karatasi ya siku za mwezi. Kila jioni akimeza kidonge anaweka alama. Ameiandika mwenyewe. Nikipita kumwangalia, namwuliza habari za pamba kwanza. Kisha tunatazama karatasi ile pamoja. Alama zimefuatana, hakuna siku iliyorukwa.

Mama yake bado ananikaribisha kigoda. Siku moja alinitania: "Bwana shamba, leo umeleta shauri gani?"

Nikamjibu, "Mama, la pamba tu. La vidonge, mwulizeni daktari."

Ndugu msomaji, nawe ukiulizwa, jibu hivyo hivyo. Tena msaidie mwenzako afike hospitali. Mpalilie shamba lake siku hiyo. Mwazime baiskeli. Huo ndio msaada.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA DARASA LA KISOMO

1. Kwa nini kidonge cha kifafa kinafanana na tuta la jaruba?
2. Umeona 1 x 2 kwenye bahasha, na umepewa vidonge 28. Vitatosha siku ngapi? Utarudi hospitali lini?
3. Mtu akianguka karibu na moto, utafanya nini kwanza? Jambo gani hutafanya?
4. Katika kijiji chetu, nani anakosa kliniki kwa sababu ya kazi au safari? Tunaweza kumsaidiaje?